Mbio za magari: digri ine za gurudumu zilizotia timu ya Vettel hofu kule Spa

Siku ya posho tarehe 27 Mwezi wa 8, 2011, magari ya Formula 1 yalimaliza majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia kule Spa-Francorchamps, inchini Ubelgiji. Sebastian Vettel wa timu Red Bull alikuwa wa kwanza. Ingepaswa kuwa jioni ya furaha. Lakini kwenye mapine ya mbele ya gari lake kulionekana kitu ambacho hakuna timu inapenda kuona wakati mashindano ni kesho yake: kwenye ukingo wa ndani, mupira ulikuwa umetoa malengelenge, kama ngozi ya mutu aliyemwagikiwa maji ya moto. Gari la mwenzake Mark Webber lilikuwa na shida ile ile.

Motere ilikuwa nzima, freni pia. Shida ilitoka kwenye jambo ambalo mutu anayetazama televizio ni vigumu kuliona: namna magurudumu ya mbele yalivyoinamishwa. Kampuni Pirelli, ambayo mwaka ule ndiyo ilianza kuleta mapine kwa timu zote, ilikuwa imeshauri gurudumu la mbele lisiinamishwe kupita digri 4. Red Bull ilipita kipimo hicho kwa sehemu ndogo tu ya digri.

Tuone kwanza digri 4 ni kitu gani. Pine ya Formula 1 ya wakati ule ilikuwa na kimo cha sentimita 66. Ukiinamisha pine ya kimo hicho kwa digri 4, kichwa chake kinaingia upande wa gari karibu sentimita 4 na nusu kupita sehemu inayogusa chini. Ukiongeza nusu digri, unasogeza kichwa kile milimita 6 hivi, unene wa kreyo ya mutoto wa shule. Kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, timu iliyokuwa inaongoza mashindano ya dunia iliingia siku ya Mungu na hofu.

Paralelisme ya barabara, paralelisme ya mashindano

Huku kwetu Goma, Bukavu ao Uvira, mutu akisikia habari ya kupanga magurudumu anawaza neno moja: paralelisme. Gari likianza kuvuta upande, ao pine ikiisha upande mumoja, shofere anapeleka gari kwa fundi, fundi anafanya paralelisme, gari linarudi njiani. Lengo ni wazi. Gari liende limenyoka, usukani ukae katikati, na mapine yadumu, maana pine ni pesa.

Kwenye uwanja wa mashindano lengo ni lingine. Pale pine haiwekwi ili idumu miaka miwili. Inawekwa ili ishike barabara kwa nguvu yote wakati gari linapita kona, na iweze kufika mwisho wa kazi yake bila kupasuka. Ndiyo sababu vipimo vinavyolinda pine barabarani vinaweza kuiharibu kwenye uwanja, na vile vya uwanja vinaweza kuimaliza barabarani. Watu wengi wanafikiri kuna paralelisme moja nzuri, ile ya kitabu cha gari. Kwa kweli kila kipimo kinapata kitu mahali fulani na kinalipa mahali pengine.

Chukua kona ya kuume inayopitwa kwa mbio. Mwili wa gari unalala upande wa kushoto, na uzito mwingi unaangukia magurudumu ya kushoto. Gari likilala, gurudumu lile nalo linataka kulala pamoja nalo, kichwa chake kikienda inje. Mupira wa pine unavutwa na kujikunja. Pine ya gari la kawaida inagusa barabara kwa sehemu ndogo, karibu kiganja cha mukono. Ikiwa imelalia ukingo wa inje, sehemu kubwa ya kiganja kile haifanyi kazi. Ukingo mumoja unabeba muzigo wote, unapata moto, unachomeka.

Fundi wa mashindano anatangulia shida hiyo. Gari likiwa limesimama, anainamisha magurudumu yote mawili ya mbele, vichwa vikiingia ndani. Katika kona, mwili wa gari unapolala, gurudumu linalobeba muzigo linajinyoosha na kukanyaga chini kwa upana wake wote. Wale waliosoma mekanika kwa Kifaransa wanaita kipimo hicho karosaje. Gari la barabara linatoka kiwandani na digri 1 hivi ya kuinama, mara nyingine chini ya hapo. Gari la barabara lililotayarishwa kwa uwanja linawekwa kwenye digri 2 na nusu ao 3, na mara nyingine zaidi.

Wanaolijua jambo hili kwa mifuko yao ni watu wanaopeleka magari yao ya kila siku kwenye njia ya zamani ya Nürburgring, kule Ujerumani. Ni njia ya kilomita karibu 21 ndani ya musitu, yenye kona nyingi, na kuna siku ambapo mutu yeyote mwenye leseni na gari linalokubaliwa analipa na kuingia. Mutu anafika na mapine mapya na paralelisme ya kiwanda. Kwa mizunguko michache tu, ukingo wa inje wa mapine ya mbele unaanza kulika, lakini katikati na ndani bado ni kama mupya. Anafikiri pine ni mbaya, ananunua nyingine ya bei kali zaidi, na hiyo nayo inalika vile vile. Pine haina kosa. Gurudumu halikuinamishwa vya kutosha kwa kazi aliyolipa.

Namna ya kujua ni rahisi. Gari likitoka uwanjani, kabla mapine hayajapoa, fundi anachoma sindano ya kipimo cha moto ndani ya mupira mahali patatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa inje. Ikiwa inje kuna moto mwingi kuliko ndani, ongeza kuinama. Ikiwa ndani kunapita inje kwa digri nyingi sana za moto, punguza. Kwa kawaida mafundi wanapenda ndani kuwe na moto kidogo zaidi, digri 5 mupaka 10 za Celsius. Katikati nako kunasema habari ya upepo: pine iliyojazwa kupita kiasi inapata moto katikati, ile iliyopunguka upepo inapata moto kwenye kingo mbili. Ndiyo maana fundi mwenye akili anapima upepo kwanza, kabla hajashika funguo.

Deni linalipwa kwenye njia iliyonyoka

Sasa turudi Spa. Uwanja ule una urefu wa kilomita 7.004, na ni murefu kuliko nyingine zote za Formula 1 ya leo. Gari linashuka mupaka Eau Rouge, linapanda Raidillon bila dereva kuinua muguu, kiisha linaingia kwenye njia ndefu iliyonyoka ya Kemmel na kupita kilomita 300 kwa saa. Ni pale kuinama kunadai deni lake. Kwenye kona pine inakanyaga kwa upana wote, lakini kwenye njia iliyonyoka inakimbia juu ya ukingo wake wa ndani tu, huku hewa inayopita juu ya gari ikilisukuma chini kwa uzito mukubwa sana. Ukingo ule mwembamba unabeba kila kitu, kwa mbio za juu, kwa muda murefu. Moto unaingia mupaka ndani ya mupira, na mupira unatoa malengelenge. Ikiendelea, vipande vinaweza kutoka.

Kinachofuata kinategemea bahati. Pine ya mbele ikipasuka pale Kemmel, dereva hana kitu cha kufanya na usukani wake.

Kwa nini hawakurekebisha tu? Kanuni. Gari likishaingia kwenye majaribio ya kupanga nafasi, vipimo vyake vinafungwa mupaka mashindano yaanze. Kunyoosha gurudumu kungemaanisha kuanzia kwenye njia ya garaje, nyuma ya watu wote. Na mwaka ule, madereva 10 wa kwanza walipaswa kuanza mashindano na mapine yale yale waliyotumia kwenye muzunguko wao bora. Mapine yenye malengelenge ndiyo Vettel alipaswa kuanza nayo. Ruhusa ya kuyabadilisha iliombwa kwa FIA, shirikisho linalosimamia muchezo huo duniani, nayo ikakataa.

Mimi naona FIA ilikuwa na haki, hata kama uamuzi ule ulikuwa mugumu. Timu zilizofuata ushauri wa Pirelli zilikubali kupoteza kidogo kwenye kila kona. Kumupa mapine mapya yule aliyepita kipimo kungekuwa kumulipa kwa kutosikia. Lakini dereva aliyekaa ndani ya gari si yeye aliyeandika namba ile kwenye karatasi, na ni yeye angeenda kwenye ukuta.

Red Bull iliamua kuanza mahali pake na kuingia kubadilisha mapema sana. Webber aliingia katika muzunguko wa 3, Vettel katika muzunguko wa 5, katika mashindano ya mizunguko 44. Walipopata mapine mengine, madereva waliendesha, na watu wa garaje walihesabu kila muzunguko. Vettel alishinda, Webber akawa wa pili, Jenson Button wa McLaren wa tatu. Ukisoma matokeo tu utafikiri ilikuwa siku nyepesi. Adrian Newey, muchoraji mukuu wa magari ya Red Bull, alikubali baadaye kwamba ni kati ya mashindano yaliyomutia hofu zaidi katika kazi yake.

Kufunga na kufungua: muuaji wa mapine

Kuinama kunasemwa sana, lakini kinachomaliza mapine haraka zaidi ni kipimo kingine, kile ambacho mafundi wetu wanakifahamu vizuri. Simama mbele ya gari na uwaze unayaona magurudumu kutoka juu. Yakielekeza pua zao ndani, kama miguu ya mutu anayetembea vidole vikitazamana, tunasema yamefunga. Yakielekeza inje, yamefungua. Paralelisme, kwa maana yake ya kweli, ni hiyo.

Hesabu yake inatisha. Gurudumu likipinda nusu digri tu kutoka kwenye njia linayokwenda, basi kwa kila kilomita moja pine inakokotwa kwa upande karibu metre 9. Hazungushwi, anakokotwa, kama mutu anayevutwa mukono huku anatembea mbele. Katika kilomita 308 za mashindano ya Spa, hiyo ni kilomita mbili na zaidi za kusugua mupira juu ya lami. Barabarani, ni pine inayoisha kabla ya wakati wake, hata kama hakuna kona hata moja.

Lakini kwenye uwanja watu wengi wanafungua magurudumu ya mbele kidogo kwa kusudi. Sababu ni kwamba gari lenye magurudumu yaliyofungua linasikia usukani haraka: dereva anaanza kugeuza, na pua inaingia kwenye kona bila kusitasita. Likiwa limefunga, linatulia kwenye njia iliyonyoka lakini linachelewa kugeuka. Dereva wa mashindano anakubali gari linalohangaika kidogo kwenye njia iliyonyoka ili apate sehemu ya sekunde kwenye kila kona. Mupira unalipa.

Nyuma ni habari nyingine, na hapa hakuna muchezo. Magurudumu ya nyuma yanafungwa kidogo, barabarani na uwanjani, ili mukia wa gari ufuate pua. Yakifungua, gari linageuka kwa ukali, na dereva akiinua muguu katikati ya kona ya mbio, mukia unaweza kumupita.

Kuna pia kipimo cha tatu: namna mustari ambao gurudumu linageukia unavyolala nyuma. Ndicho kinarudisha usukani katikati wenyewe ukiuachilia. Kikiongezwa, usukani unakuwa muzito, lakini gurudumu la inje linainama zaidi kila mara dereva anapogeuza, na mapine hayalipi sana kwenye njia iliyonyoka. Kwa gari ambalo lina nafasi ya kukibadilisha, ni faida ya bei ndogo.

Silverstone 2013

Miaka miwili kiisha Spa, somo lilirudi kwa kelele. Tarehe 30 Mwezi wa 6, 2013, kule Silverstone, Uingereza, Lewis Hamilton alikuwa anaongoza mbele ya watu wa inchi yake wakati pine yake ya nyuma kushoto ilipopasuka. Kiisha ikafuata ya Felipe Massa, kiisha ya Jean-Éric Vergne, na karibu na mwisho ya Sergio Pérez. Yote ilikuwa pine ya nyuma, upande wa kushoto. Vipande vya mupira na nyuzi vilitapakaa njiani mbele ya magari yaliyokuwa yanakuja nyuma kwa mbio. Hakuna aliyekufa.

Uchunguzi wa Pirelli ulitaja mambo mengi yaliyokutana mahali pamoja: mapine yaliyowekwa kinyume, ya kuume yakienda kushoto, upepo uliopunguzwa chini ya kile kilichoshauriwa, kuinama kulikopita kiasi, na kingo za juu za kona za uwanja ule. Timu zilifanya hivyo ili kupata mbio, na wakati ule hakuna kanuni iliyozikataza, kwa sababu maneno ya Pirelli yalikuwa bado ni ushauri. Wiki moja tu kiisha, kule Ujerumani, mapine ya nyuma yalikuja na muundo mwingine, na FIA ikafanya vipimo vile kuwa amri. Kilichohitaji kufanywa kiisha Spa kilifanywa kiisha mapine ine kupasuka.

Timu hazikuacha kutafuta. Katika Mwezi wa 2, 2020, kwenye majaribio ya Barcelona, kamera ya ndani ya gari la Mercedes ilionyesha Hamilton akivuta usukani kumuelekea kwenye njia iliyonyoka, na kuusukuma tena mbele yake kabla ya kona. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanabadilisha kufungua kwao wakati gari linakimbia: yananyooka kwenye njia iliyonyoka ili mupira usisuguliwe bure, yanafungua tena kabla ya kona. Deni lile ambalo kila fundi alikuwa analipa, Mercedes ilipata namna ya kulikwepa. Red Bull ilipeleka malalamiko kule Austria katika Mwezi wa 7, waamuzi wakayakataa, na Mercedes ikatumia kifaa hicho mwaka muzima. Kwa mwaka wa 2021 kanuni zilikikataza.

Kwa gari lako

Vijana wa miji yetu wanaotazama mashindano kwenye simu wanapenda kuiga: gari linashushwa chini, magurudumu yanainamishwa mupaka yaonekane kama miguu ya chura. Kwa gari linalotembea kilomita 30 kwa saa kati ya mashimo, hakuna kona ya kunyoosha gurudumu lile. Linabaki limelalia ukingo wake wa ndani kutoka asubuhi mupaka jioni. Tena kulishusha gari peke yake kunaweza kugeuza paralelisme bila fundi kugusa kitu, na kuinama kukiungana na kufungua, ukingo wa ndani unakwisha mupaka waya kuonekana, upande ambao shofere hatazami anapozunguka gari lake.

Kile ambacho mutu anaweza kuiga ni kusoma pine. Pitisha kiganja juu ya mupira kutoka inje kwenda ndani, kiisha kutoka ndani kwenda inje. Ikiwa upande mumoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama meno ya musumeno, magurudumu yanafunga ao yanafungua kupita kiasi. Ikiwa ukingo mumoja tu umeisha na hakuna meno, tazama kuinama. Kingo mbili zimeisha na katikati iko nzima: upepo ni kidogo. Kabla ya kulipa paralelisme, hakikisha fundi ametingisha gurudumu na kukagua rotile. Rotile ikicheza, kipimo anachokuwekea leo kitageuka kwenye shimo la kwanza.

Timu za mashindano, hata za watu wadogo wasio na mashine, zinapima na kamba mbili zilizovutwa kando ya gari na rula. Tena zinaweka uzito kwenye kiti cha dereva, kwa sababu gari lenye mutu ndani halikai kama gari tupu.

Na kule Formula 1, kabla ya kila mashindano, Pirelli inatoa karatasi ya namba kwa timu zote: upepo wa chini unaokubaliwa mbele na nyuma, na kuinama kunakokubaliwa mbele na nyuma. Kuinama huko hakuhesabiwi katika kona. Kunahesabiwa mwisho wa njia iliyonyoka, mahali kama pale mwisho wa Kemmel ambapo mapine ya Vettel yalichomeka.